Kondoo mwekundu wa Kimaasai na boma linalomlea

Kondoo mwekundu wa Kimaasai ni mnyama wa umbo dogo, mwenye nywele fupi badala ya sufu, rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, na mkia mnene uliojaa mafuta. Kwao ni nyanda za kusini mwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania: Kajiado na Narok upande mmoja wa mpaka, Longido, Monduli, Simanjiro na Ngorongoro upande wa pili. Hadi katikati ya miaka ya 1970 alikuwa ametapakaa katika nchi ya wafugaji kiasi kwamba hakuna aliyefikiri angeweza kuadimika. Leo sehemu kubwa ya kondoo wanaoletwa sokoni wakiitwa wekundu ni chotara, na aliye safi hutafutwa.

Habari zake zimeandikwa zaidi na wataalamu wa vinasaba na wa magonjwa ya mifugo, na wameziandika vizuri. Lakini uandishi huo umeacha jambo moja pembeni. Mbegu hii haikutoka katika kituo cha utafiti. Imetokana na familia zilizoishi pamoja vizazi kadhaa katika boma moja, zikichagua dume huyu na kumhasi yule, zikikumbuka nani alizaliwa na nani. Itadumu au itatoweka kwa kadiri familia hizo zitakavyoendelea kuwa na ardhi, madume na sababu ya kuifanya kazi hiyo. Mpango wowote wa kumwokoa kondoo mwekundu usioanzia hapo utaokoa sampuli tu.

Boma la kawaida lina nyumba kadhaa zilizojengwa na wanawake kuzunguka zizi, na kwa nje uzio wa matawi ya miiba. Ndani yake huishi mzee na wake zake, wanawe waliooa, na wajukuu. Mzee ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu mnyama wa kuuzwa na dume wa kubaki. Wanawe hushughulikia maji, chanjo, soko na safari ndefu za kuhamisha mifugo wakati wa kiangazi. Wanawake hukamua na kuwatunza wagonjwa na waliozaliwa karibuni. Mwanakondoo dhaifu hulala ndani ya nyumba, kwenye kizizi kidogo kando ya kitanda. Watoto huanza na wanakondoo karibu na boma, wakipata nguvu hukabidhiwa kondoo na mbuzi, na hatimaye ng'ombe.

Jioni kondoo wanaporudi ndipo kazi ya kina mama inapopamba moto. Wanakondoo walioachwa nyumbani mchana kutwa hufunguliwa, na kwa dakika chache zizi zima huwa makelele matupu, kila mtoto akimtafuta mama yake na kila jike akimnusa anayemjia na kumpiga teke asiye wake. Mama mwenye boma husimama katikati akitazama nani amenyonya, nani amekataliwa, nani hakurudi. Hahesabu kwa namba. Anawajua mmoja mmoja kwa rangi, kwa sikio, kwa mwendo, na asiyekuwepo humwona mapema kuliko waliopo. Anajua pia kwamba jike huyu mwenye baka jeupe pajani ni mjukuu wa yule aliyeletwa na mgeni mwaka wa ukame, na kwamba ukoo wake wote huzaa vizuri lakini hauna maziwa mengi. Hilo ndilo daftari la nasaba la boma, na halijaandikwa popote.

Mali yenyewe imegawanyika kwa namna inayoilinda mbegu. Mke anapoolewa hupewa wanyama wa nyumba yake. Hukamua hao, hulisha watoto wake kwa hao, na wanawe wa kiume hurithi kutoka katika fungu hilo. Mwanamume ni mwenye mifugo mbele ya watu, lakini hawezi kwa urahisi kuchukua jike wa nyumba moja akampa nyumba nyingine bila ugomvi. Matokeo yake ni kwamba majike hukaa. Ukoo wa kondoo hufuata ukoo wa mama, kizazi hadi kizazi, ndani ya boma lile lile, ilhali madume huja na kuondoka. Kisha kuna zawadi. Mtu aliyempa mwenzake kondoo na aliyepewa huitana kwa jina la zawadi hiyo, Paker, kama vile waliopeana ng'ombe wanavyoitana Pakiteng, na uhusiano huo hudumu hata kondoo mwenyewe akishakufa. Kwa njia hii kila boma limeweka sehemu ya mifugo yake kwa watu wa mbali, na ugonjwa ukifagia huku, mbegu imebaki kule.

Utaratibu huo ulijaribiwa vikali mwishoni mwa karne ya 19. Homa ya mapafu ya ng'ombe ilifika mwaka 1883, sotoka ikafuata karibu na 1891, ndui ikawashukia watu wenyewe. Wamaasai huiita miaka ile Emutai. Ng'ombe walipokwisha, wanyama wadogo ndio waliowezesha familia kuanza upya, kwa sababu kondoo hubeba mimba miezi mitano tu na huzaa akiwa bado kijana. Mbali na hayo, ana kazi ambayo mbuzi hawezi kuichukua. Mama akijifungua huchinjiwa kondoo, na mafuta ya mkia huyeyushwa na kuhifadhiwa ili anywe apate nguvu. Kondoo mwembamba asiye na mkia wa maana hafai kwa kazi hiyo, na wazee wanaomtetea mwekundu hutaja mafuta kabla ya nyama.

Uchaguzi wa mbegu katika boma hufanyika kwa kuondoa zaidi kuliko kwa kuchagua. Madume wengi huhasiwa au kuuzwa wakiwa wadogo. Wachache huachwa, na anayeachwa huangaliwa mama yake kwanza. Je, alizaa katika mwaka mgumu? Watoto wake wangapi walikua? Alisimama mwenyewe baada ya kiangazi au aliinuliwa? Dume aliyebaki hafungiwi mbali, kwa kuwa hakuna pa kumfungia. Badala yake hufungwa kipande cha ngozi chini ya tumbo, kikining'inia mbele ya uume wake, ili asiweze kupanda majike wakati usiofaa. Ngozi hufunguliwa kwa mahesabu ya miezi mitano, mvua inyeshe na majani yawe mabichi wakati wanakondoo wanapoanza kula. Kifaa hicho, ambacho hakigharimu chochote, kinafanya kazi ambayo kwenye mashamba makubwa hufanywa na nyaya, mageti na wafanyakazi.

Hakuna aliyekaa akapanga kwamba kondoo wake wawe sugu kwa minyoo. Lakini ukiondoa kila mwaka watoto wa majike waliokonda, na ukakaa hivyo kwa mamia ya miaka mahali ambapo hakuna dawa, minyoo yenyewe hugeuka kuwa mchaguzi mwenza.

Adui anayehusika zaidi ni mnyoo aitwaye kitaalamu Haemonchus contortus. Hukaa katika tumbo la nne la kondoo na kufyonza damu. Mnyoo jike mmoja anaweza kutaga mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku, na kondoo mmoja anaweza kubeba maelfu ya minyoo. Mayai hutoka na kinyesi, huanguliwa penye joto na unyevu, na viluwiluwi hupanda juu ya majani kwa kufuata unyevu wa umande, wakingoja kuliwa. Ndiyo maana wachungaji wengi hawawatoi kondoo alfajiri. Husubiri jua likaushe nyasi, na mgeni asiyejua huona ni uvivu. Mnyama aliyezidiwa hupauka ndani ya kope, huvimba chini ya taya, hubaki nyuma ya kundi, kisha siku moja haamki. Wanaoumia zaidi ni wanakondoo walioachishwa kunyonya na majike waliozaa karibuni, wale wale ambao boma linawategemea kwa mwaka unaofuata. Kondoo mwekundu naye huambukizwa, hakuna anayedai vinginevyo. Tofauti ni kwamba mwili wake huzuia minyoo wengi wasikomae wala kutaga kwa wingi, na damu yake haishuki haraka. Kwa hiyo huchafua malisho kidogo, jambo linalowafaidi hata kondoo wa jirani.

Kondoo wa aina ya Dorper aliingia katika picha hii akiwa na sifa zake halali. Alitengenezwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930 na 1940 kwa kumchanganya Dorset Horn wa Uingereza na kondoo mwenye kichwa cheusi aliyeitwa Persian, na chama cha wafugaji wake kiliundwa huko mwaka 1950. Huyo aitwaye Persian asili yake si Uajemi bali Pembe ya Afrika. Ni kondoo wa Kisomali aliyefika Rasi, huko Afrika Kusini, kwa meli katika karne ya 19. Kwa hiyo Dorper aliporudi Kenya alikuwa na upande mmoja wa ukoo unaotoka jirani kabisa, ingawa hakuna aliyemkaribisha kama ndugu. Alikaribishwa kwa sababu hukua upesi, ana mgongo mpana na mapaja yaliyojaa, na katika eneo kavu lenye malisho ya kutosha hufanya vizuri sana.

Katikati ya miaka ya 1970 ulianzishwa nchini Kenya mpango wa kusambaza madume wa Dorper kwa bei ya ruzuku. Mantiki yake ilikuwa ya kueleweka. Chotara wa kizazi cha kwanza huwa na nguvu ya mchanganyiko: hukua kuliko mama yake na huhimili kuliko baba yake. Kilichokosekana ni maelezo ya kizazi cha pili. Wafugaji hawakuelekezwa kwamba ili wapate chotara wa kwanza kila mwaka ni lazima kundi la majike wekundu safi libaki pembeni, likipandwa na madume wekundu, likizaa akina mama wa kesho. Walipewa dume, wakaona watoto wake ni wazuri, wakaleta dume mwingine wa aina ile ile awapande watoto hao. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Safari hii mgeni alikuja na mwenyeji akaanza kupotea.

Hesabu yake ni ya haraka kuliko inavyodhaniwa. Dume mmoja anaweza kupanda majike 30 au zaidi kwa msimu, maana yake nusu ya damu ya wanakondoo wote wa mwaka ule ni yake. Watoto wa kwanza hubaki na nusu ya asili, wajukuu robo, vitukuu sehemu moja kati ya nane, na kizazi cha nne sehemu moja kati ya 16. Kizazi cha kondoo hupita katika miaka miwili na nusu au mitatu. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa mwaka dume wa kwanza wa Dorper alipofika bomani angeweza kukabidhiwa kundi la kuchunga ambalo halina tena kondoo mwekundu hata mmoja, na asijue kilichopotea kwa sababu hakuwahi kukiona. Kwa kuwa makundi hunywa kisima kimoja na kulisha pamoja, dume wa jirani mmoja asiyefungwa ngozi aliwafikia hata wale ambao hawakumtaka. Ukaidi wa familia moja haukutosha kuilinda mbegu kama majirani wote walikuwa wamebadili.

Majaribio yaliyofanywa katika miaka ya 1990 na watafiti wa taasisi ya kimataifa ya mifugo iliyoko Nairobi, ILRI, wakiongozwa na Leyden Baker, yalipima tofauti hizo kwa makini. Kundi moja liliwekwa Diani, kusini mwa Mombasa, kwenye joto na unyevu wa pwani ambako minyoo hustawi mwaka mzima. Huko kondoo wekundu walikuwa na mayai machache kwenye kinyesi, damu nzito zaidi, na vifo vichache kwa mbali kuliko Dorper, kiasi kwamba ukijumlisha waliozaliwa, waliokua na uzito wao wa mwisho, kundi jekundu lilizalisha mara kadhaa zaidi. Katika nyanda kavu tofauti hiyo ilipungua sana. Katika ranchi ya Kapiti kaunti ya Machakos, Dorper aliweza kujitetea. Kwa maneno mengine, swali la kondoo yupi ni bora halina jibu mpaka useme mahali na mwaka.

Hilo ndilo jambo ambalo mpango wa ruzuku haukulizingatia na ambalo boma lililijua kwa desturi. Kwenye ripoti dume hupimwa kwa uzito wa watoto wake wakiwa na miezi kadhaa. Bomani hupimwa kwa idadi ya watoto wake waliopo baada ya ukame. Vipimo hivi viwili hutoa majibu yanayofanana katika mwaka wa neema, na katika mwaka wa shida hutofautiana kabisa. Mfano kutoka jirani unajulikana: magharibi mwa Uganda, wakati wa ukame, familia zilizobaki na ng'ombe wa Ankole ziliwatembeza mbali hadi kwenye maji, huku zilizokuwa zimewabadilisha kwa ng'ombe wa kigeni zikipoteza mifugo yote. Carlos Seré, aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa ILRI, alilitumia tukio hilo mwaka 2007 mjini Interlaken, Uswisi, ambako wajumbe wa nchi 109 walipitisha mpango wa dunia wa kuhifadhi mbegu za mifugo. Wakati huo FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilikadiria kwamba dunia ilikuwa ikipoteza takriban mbegu moja ya mifugo kila mwezi. Kondoo mwekundu alikuwa tayari ni mfano wa darasani: mwaka 1992, na tena baadaye, watafiti walizunguka Kenya na kaskazini mwa Tanzania wakitafuta walio safi na wakapata wachache mno.

Isingekuwa haki kuwalaumu wafugaji kwa hilo. Familia iliyobadili mbegu haikuwa imepumbazwa. Katika masoko kama Bissil, Kimana na Kiserian kondoo huuzwa kwa kichwa, na bei hupangwa kwa macho na mikono. Dalali humshika mnyama kiunoni, hupapasa uti wa mgongo, hubonyeza shina la mkia, hutazama urefu, halafu hutaja bei. Hakuna anayeuliza kama mama yake alinusurika ukame uliopita, wala anayelipia dawa ambazo mnyama hakuzihitaji. Mwana anayetakiwa kulipa karo mwezi huu atauza aliye mkubwa mwezi huu, na faida ya usugu, ambayo hujitokeza kama kifo kisichotokea, haina pa kuonekana katika mauzo. Wafugaji walipohojiwa na watafiti, wengi walitaja sifa za pande zote mbili bila kujichanganya: ukubwa na bei kwa Dorper, uvumilivu wa ukame na magonjwa kwa mwekundu. Wanachofanya wengi wao ni kutafuta kundi lenye vyote viwili, na kwa mtu mwenye watoto wa kusomesha huo ni uamuzi wa busara. Kosa lilikuwa la waliopanga mpango wa nchi nzima bila kuacha chemchemi ya majike safi ambayo busara hiyo ingeweza kuchota humo.

Dawa za minyoo ziliufunika udhaifu wa mgeni kwa muda. Zilipokuwa zinapatikana na zinafanya kazi, Dorper aliishi, na tofauti kati ya kondoo wawili ikaonekana ndogo. Lakini dawa zinazonyweshwa kwa kukadiria uzito, mara nyingi kidogo kuliko inavyotakiwa, huwaacha hai minyoo wenye uwezo wa kuzihimili, na hao ndio huzaa. Usugu wa minyoo dhidi ya dawa umeshathibitishwa Kenya kama kwingine duniani. Familia huanza kutumia fedha nyingi zaidi kununua kinga ambayo zamani ilizaliwa na mnyama.

Hata hivyo, tishio kubwa zaidi kwa sasa huenda si Dorper bali ni hati ya ardhi. Sheria ya Kenya ya mwaka 1968 iliunda ranchi za vikundi ili wafugaji wamiliki ardhi kwa pamoja. Kuanzia miaka ya 1980 nyingi ziligawanywa viwanja vya mtu mmoja mmoja, na kuelekea Kitengela, karibu na Nairobi, viwanja hivyo vimeuzwa, vikagawanywa tena na kuzungushiwa nyaya. Mzee aliyekuwa na wana wanne katika boma moja sasa ana wana wanne wenye hati nne, na kundi lililochungwa na mtoto mmoja linahitaji wachungaji wanne. Watoto wako shuleni, mahali pao panapostahili, kwa hiyo huajiriwa kijana kutoka mbali anayewatunza wanyama vizuri lakini hajui yupi ni mjukuu wa nani. Daftari lile la nasaba lililokuwa kichwani mwa mama wa boma linabaki bila mrithi.

Uzio una upande wake mzuri, na inafaa kuusema. Mwenye kiwanja kilichofungwa anaweza kwa mara ya kwanza kumzuia dume wa jirani, na kama anataka kondoo safi anaweza kuwa nao. Ila uzio huo huo huwalazimisha kondoo kulisha juu ya kinyesi chao wenyewe msimu baada ya msimu. Kundi linalohama huyaacha mayai ya minyoo nyuma yakauke juani. Kundi lililofungiwa hurudi kuyala. Kadiri ardhi inavyokatwa vipande ndivyo minyoo inavyopata nafasi, na ndivyo kondoo anayeihimili anavyozidi kuhitajika, wakati huo huo ambapo anazidi kuadimika. Wapangaji wa mifugo wamezoea kumwona mwekundu kama mnyama wa zamani wa uwanda wazi. Mazingira yanayokuja, ya viwanja vidogo na dawa zisizofanya kazi, yanamfaa yeye kuliko mpinzani wake.

Upande wa Tanzania ardhi ilifuata njia nyingine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliacha malisho mikononi mwa vijiji, na vijiji kadhaa vya wafugaji vimepata hati za kimila za pamoja zinazozuia malisho yasikatwe. Hapo utaratibu wa kuhama na kushirikiana madume bado una mahali pa kusimama. Shinikizo linatoka kwingine. Mwaka 2022 kilomita za mraba 1,500 za Loliondo zilitengwa kwa uhifadhi wa wanyamapori katika eneo la Pololeti, na tangu mwaka huo familia kutoka Ngorongoro zimekuwa zikihamia Msomera, wilayani Handeni. Mjadala wa uhamisho huo umekuwa wa haki za watu na wa utalii, na ni sawa uwe hivyo. Lakini familia inayohamishwa huacha nyuma pia majirani ambao dume wao alikuwa akipanda majike wake, na wale walioitana Paker kwa miaka mingi. Kondoo wanaweza kupakiwa kwenye lori. Mtandao uliowatengeneza haupakiki.

Baadhi ya watu hutegemea maabara imalize tatizo. Haiwezi, kwa sababu mbili. Utafiti wa vinasaba uliofanywa kwa kuchanganya na kurudia kuchanganya kondoo wekundu na Dorper ulionyesha kwamba usugu wa minyoo hautoki katika kinasaba kimoja kinachoweza kunyofolewa. Umetawanyika sehemu nyingi za kromosomu, kila moja ikichangia kidogo. Sababu ya pili ni ya kimwili. Mlango wa kizazi wa kondoo jike umepinda na kubana, na mbegu za dume zilizogandishwa zikiwekwa kwa njia ya kawaida hushika mimba kwa kiwango cha chini, tofauti na ng'ombe. Benki ya mbegu ni akiba nzuri ya dharura, lakini kundi la kondoo huendeshwa na dume aliye hai. Kapiti bado kuna kundi la wekundu, na thamani yake ni kubwa, ila kundi lililokaa kituoni chini ya uangalizi wa daktari wa mifugo huacha polepole kuchaguliwa na ukame, fisi na macho ya mama mwenye boma.

Kazi inayofaa basi inafanana na mpango wa miaka ya 1970 ukigeuzwa upande wa pili: madume wekundu, kwa ruzuku, pamoja na maelezo yaliyokosekana wakati ule. Dume asipewe mtu mmoja bali majirani wanaotumia kisima kimoja, kwa kuwa wao ndio kundi halisi la uzalishaji. Akae miaka miwili, kisha abadilishwe na wa kisima kingine kabla hajaanza kuwapanda binti zake. Anayetaka chotara wa sokoni aendelee kuwa nao, alimradi sehemu ya majike wake wapandwe na mwekundu. Majike hao wawekewe hereni masikioni, na wa kuandikisha nasaba awe yule anayesimama zizini jioni, ambaye mara nyingi ni mwanamke na mara nyingi semina za ufugaji humkosa kwa sababu mwaliko ulitumwa kwa jina la mumewe. Chakula cha dharura wakati wa ukame kigawiwe kwanza kwa majike hao na dume wao. Wengine wanaweza kununuliwa upya, hao hawana duka.

Gharama kubwa iko kwenye bei. Boma linalotunza majike wekundu kwa niaba ya nchi nzima huuza wanyama wadogo kuliko jirani yake, na pengo hilo hujirudia kila msimu. Kaunti na halmashauri zinazokusanya ushuru kwa kila kondoo anayepita mnadani zinaweza kulirudishia boma sehemu ya ushuru huo kwa kila dume mwekundu aliyethibitishwa na kununuliwa na wafugaji wengine. Dume wa kuzalisha angepata bei yake mwenyewe, tofauti na bei ya nyama, na kijana aliyerithi kundi angekuwa na sababu ya fedha taslimu ya kumwuliza bibi yake ni jike yupi alizaliwa na nani.